Kofia Nyuma ya Pazia

Waliokosa gazeti la juma lililopita wasihangaike kuliazima. Habari ni fupi. Chumba changu cha Mutakura kiliungua na kila kilichokuwa ndani, karangamuntu yangu, yaani kitambulisho, ikiwemo. Mke wangu alikuwa ameshakwenda kwao kabla ya moto, kwa hiyo yeye hakuungua. Mimi nikahamia Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi, nikawa nalala gereji kwa fundi Faruk, ndani ya Peugeot isiyo na matairi. Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na nne, na kila mtaa wa Bujumbura ulikuwa umeanza kuchagua watu wake.

Asubuhi moja nikaamka humo ndani ya Peugeot, nikakuta mtu kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa na kiatu kimoja.

Mtu huyo nilimjua. Aliitwa Sylvère, karani wa serikali, mkazi wa Ngagara, mvi kichwani kama zangu. Miaka mingi tulikula benchi moja kwenye mgahawa wa Mama Amira, yeye akipitia chai kabla ya kwenda kazini, mimi nikipitia kila safari iliponirudisha mjini. Urafiki hatukuwa nao. Tulikuwa watu wa benchi moja, basi.

"Sylvère, kiatu kingine kiko wapi?"

"Kimebaki Ngagara."

"Na watu wa nyumbani?"

Akakitazama kile kiatu kimoja.

Kabila lake silitaji. Waliokuwa wakimtafuta walilijua, na kwao hilo lilitosha.

Nikamfuata Mama Amira. Jina lake hasa ni Mwanvua, ila Buyenzi nzima ilimwita kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa mjane, mwenye mgahawa wa asubuhi na mchana tu: asubuhi chai, chapati na supu ya makongoro, mchana wali, bugari, ndio ugali, maharage na ndagala, dagaa wa ziwani. Ikifika alasiri masufuria yameoshwa na mlango umefungwa.

"Mama Amira, kuna mutu kwa gereji."

"Mutu gani?"

"Sylvère."

Akageuza chapati. Akaigeuza tena, wakati haikuhitaji kugeuzwa.

"Wamemuona anaingia?"

"Sijui."

"Akilimali, we jina lako kubwa lakini akili huna, mali huna. Mutu anakuja kwako, hujui kama anafuatwa? Haya, mulete. Mulete kwa mlango wa nyuma."

Faruk naye akaitwa. Faruk alikuwa mtu wa maneno machache, mikono ina grisi mpaka viwiko.

"Ijumaa," akasema. "Kila Ijumaa tukitoka musikitini mi nabeba wachuuzi wa samaki kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Vijana wa bariyeri, wale wanafunga barabara, wananizoea. Wakiona gari imejaa kanzu hawasimamishi. Lakini mpaka Ijumaa huyu awe hai."

"Tutamficha wapi?" nikauliza.

Mama Amira akacheka. Kicheko hakikufika machoni.

"Kumficha? Mutu anayefichwa ndiye anatafutwa. Atakaa pale, kwa benchi yake, kila mutu amuone anakula. Lakini hatakuwa Sylvère."

Akaingia chumbani, akatoka na kanzu na kofia za marehemu mumewe. Akazikung'uta.

"Marehemu hatakasirika. Hata wakati anaishi hakuwa mutu wa kukasirika."

Karangamuntu ya Sylvère akaitia kwenye jiko la mkaa, chini ya sufuria ya maharage. Tukaiangalia inajikunja. Sylvère naye aliiangalia mpaka ikawa majivu. Kuanzia hapo akawa Rachid, ndugu yangu wa baba mdogo, kutoka Rumonge.

Kumvisha kulikuwa rahisi. Kazi ilikuja sahani ilipowekwa mezani.

Mama Amira akaleta chai na chapati. Sylvère akanyanyua mkono wa kulia, vidole vikaenda kwenye paji la uso. Kabla havijashuka kifuani, paa! Mwiko ukamkuta kwenye kifundo.

"Rachid! Huo mukono unaenda wapi?"

"Pardon, mama. Ni mazoea."

"Mazoea yatakuzika. Na hiyo pardon yako irudishe Ngagara. Sema Bismillah."

"Bisimila."

"Kama mutu, si kama mutoto anaomba peremende."

Kwenye benchi la pili alikuwa Gélase, fundi viatu, mteja wa siku zote, Mkatoliki wa kubatizwa na kipaimara. Huyo ndiye aliyempa Sylvère kandambili akakitupa kile kiatu kimoja chooni. Akamwangalia Mama Amira na mwiko wake, akasema:

"Mi nimebatizwa tangu ningali mutoto, lakini sijaona ubatizo unatolewa kwa mwiko."

Watu wakacheka. Sylvère akacheka pia, nusu, kisha akaacha kama mtu aliyekumbuka kuwa kicheko si chake.

Mimi nilimwelewa. Shule yangu nimeiokota njiani, kipande huku, kipande kule. Utotoni nilikuwa Bukavu kwa mapadri, na kwa mapadri hakuna aliyegusa sahani kabla ya ishara ya msalaba. Tulikuwa tunaisema kwa Kiswahili, kwa sauti moja, njaa ikituwasha. Baadaye mjomba akanichukua Kigoma akanitia madrasa, nayo sikuimaliza. Nikabaki Muislamu wa Ijumaa na wa Ramadhani. Siku nyingine Mungu na mimi tulikuwa tunapeana nafasi.

Basi tukamfundisha Sylvère. Mkono wa kulia. Bismillah kabla, Alhamdulillah baada. Mtu akitoa salamu, itikia yote, usiikate. Maji ya kunawa yakija, usiyaogope wala usiyachezee. Mwiko ulilia asubuhi, ukalia mchana. Ilipofika Alhamisi haukulia hata mara moja. Alikula chapati yake kama mtu aliyezaliwa Buyenzi, na mzee mmoja mpita njia akamuuliza habari za Rumonge, naye akajibu vizuri tu.

"Huyu sasa ni wetu," Mama Amira akasema.

Tulijisifu. Tulimfundisha kula, wala hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumfundisha kutokula.

Maana jioni ya Alhamisi hiyo mwezi ukaonekana. Watoto wakapiga makopo barabarani. Ijumaa ikawa Ramadhani mosi.

Wasiokaa Buyenzi niwaeleze. Ramadhani ikiingia, mgahawa wa mchana haufungwi kabisa. Kuna mafundi Wakristo, kuna wapagazi, kuna wagonjwa, wote wanataka kula. Mwenye mgahawa anatundika pazia mlangoni, kitenge kizito, ili anayekula asimtamanishe anayefunga. Mama Amira alifunga, akapika bila kuonja, akapakua huku ameangalia pembeni. Gélase alikuwa na msemo wake kila mwaka:

"Nyuma ya pazia ya Mama Amira, mwezi haujaonekana bado."

Na si Wakristo tu waliokuwa nyuma ya pazia hilo. Nisiwadanganye. Lakini Muislamu anayekwenda kula kwa siri anavua kofia kwanza, anaikunja, anaitia mfukoni. Hiyo ni adabu. Hajawahi kuonekana mtu Buyenzi anayekula mchana wa Ramadhani na kofia kichwani.

Ijumaa hiyo nilivaa kanzu yangu, ile ya kuazima kwa Faruk, nikawa nakwenda msikitini. Adhana ilikuwa imeshalia. Nikasema nipite kwa Mama Amira nimwambie Sylvère akae tayari, gari litapiga honi baada ya swala. Nikafunua pazia.

Sylvère alikuwa amekaa benchi lake, kanzu nyeupe, kofia kichwani, mbele yake sahani ya wali na ndagala. Anakula. Kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa.

"Mama Amira," nikasema polepole. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Anakula."

"Na asile kwa nini? Yeye ni Mukristo. Amekuwa mugeni wangu wiki nzima. Nimwache na njaa mu nyumba yangu kwa sababu mi nafunga? Mungu ataniuliza, Akilimali. Ataniuliza mi, hatakuuliza we!"

"Mama, muangalie kichwa."

Akamwangalia. Mwiko ukamshuka mkononi.

Yeye alikuwa akimtazama anamwona Sylvère. Kanzu hakuiona, kofia hakuiona. Alimwona mgeni mwenye njaa, na mgeni mwenye njaa hupakuliwa.

"Ewe Mola," akasema. "Rachid, vua hiyo kofia. Vua upesi!"

Sylvère akanyanyua mkono wenye wali kuelekea kichwani, akaurudisha kwanza aupanguse, na pazia likafunuka.

Waliingia vijana watatu. Wawili wakasimama mlangoni. Wa tatu akaja katikati, miwani ya jua usoni, guruneti kiunoni kama mtu mwingine anavyotundika funguo.

"Bonjour, mama. Bonjour, wazee. Mutusamehe kusumbua chakula."

Adabu hiyo ndiyo iliyowafanya watu waache kutafuna.

Nilipaswa kuogopa. Niliitafuta hofu nikaikosa, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Miezi ile kila kitu kilikuwa hivyo. Waliponiambia chumba kimeungua nilisema haya. Waliponiambia mke amekwenda nilisema haya.

"Tunatafuta mutu wa Ngagara," kijana akasema. "Mutu wa buro, karani. Sylvère. Sura hatumujui, tumeambiwa tu ni muzee wa mvi, na hapa Buyenzi mumemuvalisha kanzu."

Mji wakati ule ulikuwa na masikio mengi kuliko vinywa. Nani alisema, sijui mpaka leo.

"Bonfils," mmoja wa mlangoni akaita. "Angalia kule."

Bonfils akageuza miwani yake. Akaiona kofia. Akaiona sahani.

"Muzee," akamwambia Sylvère kwa upole, "leo si mumefunga?"

Sylvère akafungua mdomo. Tulikuwa tumemfundisha majibu mengi. Hilo halikuwemo.

Nikakaa. Sijui niliamua saa ngapi, nilijikuta tu nimekaa ubavuni mwake. Nikavuta sahani katikati, nikafinyanga tonge la wali na ndagala, nikatia mdomoni. Funga yangu ikaishia hapo, chumvi ilikuwa kidogo.

"Tumefunga," nikasema huku natafuna. "Wa mjini wamefunga. Sisi ni wasafiri. Musafiri ameruhusiwa kula, atalipa siku nyingine. Uliza sheikh yeyote."

"Wasafiri wa kwenda wapi?"

"Uvira. Gari inatungoja, watu watoke tu musikitini."

"Wote wawili?"

"Mi na ndugu yangu."

"Karangamuntu?"

"Iliungua na chumba changu."

"Na ya ndugu?"

"Chumba kilikuwa kimoja."

Bonfils akatabasamu. "Makaratasi ya mji huu yanaungua sana, ee?"

Kwenye kipaza sauti cha msikiti khutba ilikuwa inaelekea mwisho, imamu akisema juu ya subira. Gélase alikuwa ameinamia sahani yake kama mtu anayesoma.

Kijana akavuta kigoda akakaa mbele yetu. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtoto wa shule, mtu ungemtuma dukani.

"Mama, na mi nipe wali. Njaa imenishika."

Mama Amira akapakua. Sahani ililia kwenye meza alipoiweka. Bonfils akashukuru. Akatazama wali. Kisha akamtazama Sylvère, usoni hasa, hakupepesa. Akanyanyua mkono wake wa kulia, taratibu sana, na akasema kwa sauti ya kanisani:

"Kwa jina la Baba..."

Nikauelewa mtego. Mkatoliki akisikia maneno hayo mbele ya chakula, mkono hauulizi ruhusa.

"...na la Mwana..."

Nikautazama mkono wa Sylvère. Ulikuwa juu ya meza, kando ya sahani, umelala kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Haukucheza. Hata kidole. Mwiko wa Mama Amira ulikuwa umefanya kazi yake. Tena Sylvère sala zake ni za Kirundi, na kijana alikuwa anasema Kiswahili, kwa kuwa yupo Buyenzi. Nikasema moyoni, amepona. Ijumaa imefika naye yu hai.

"...na la Roho Mtakatifu."

Ndipo nikaona kwamba Bonfils hamwangalii tena Sylvère.

Ananiangalia mimi.

Nikafuata macho yake. Vidole vyangu, vyenye wali bado, vilikuwa kwenye bega langu la kushoto, vinaelekea la kulia. Kwenye kanzu ya Faruk kulikuwa na punje ya wali kifuani. Nyingine niliihisi kwenye paji la uso.

Kuna wasomaji watakaosema Akilimali alikusudia. Wananitakia mema, nawashukuru, lakini sivyo. Ilikuwa ni Bukavu. Ilikuwa ni njaa ya utotoni na sauti za watoto kwenye meza ndefu ya mapadri. Nilidhani nimeziacha huko, kumbe zilinifuata kila mji niliokaa, zikaningoja mkononi.

"Amen," akasema Bonfils.

Mwiko wa Mama Amira ulikuwa hewani. Gélase alinyanyua uso, akauinamisha tena. Watu wote humo ndani walinijua jina, walinijua tangu nikiwa na nywele nyeusi, na wote wakainamia sahani zao.

"Sylvère," kijana akaniambia mimi. "Ni we, si ndiyo?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini ningesema hapana, swali linalofuata lingekuwa: basi yuko wapi? Na kulikuwa na mzee mmoja tu mwingine mwenye mvi na kanzu, bega lake limegusa langu.

Sina mke nyumbani. Sina nyumbani. Hilo nalo nililifikiri, bila uchungu, kama mtu anayekumbuka kwamba mlango hakuufunga kwa kuwa ndani hamna kitu.

"Naam," nikaitika, kama ninavyoitika siku zote chai yangu ikiwa tayari.

"Simama basi, papa. Polepole, usimwage chakula cha mama."

Nikasimama. Nikapangusa mkono kwenye kanzu ya watu. Wale wawili wakafunua pazia, mwanga wa mchana ukaniingia machoni. Khutba ilikuwa imeisha, swala ilikuwa imeisha, watu wameanza kumwagika barabarani kwa kanzu zao, na mbele ya gereji Faruk akapiga honi.

Akapiga tena.

Nikasema moyoni, nenda, Sylvère. Nenda sasa, wamekugeuzia migongo.

Bonfils akanishika kiwiko, kwa adabu, kama mtu anayemvusha mzazi wake barabara. Tulikuwa tumeshafika kizingitini, pazia limenigusa shavu, niliposikia benchi linakwaruza sakafu nyuma yangu.

"Vijana," sauti ya Sylvère ikasema, kwa lafudhi yake ya ofisini. "Pardon. Mumekosea mutu."